Kasha la Majaribio Nyumbani kwa Mtoto wa Darasa la Pili

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea lalamiko lile lile: darasa limejaa, zana hazitoshi, na habari za sayansi zimefundishwa kwa ubao na chaki tu. Lalamiko hili hatulipuuzi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, madarasa ya chini katika shule nyingi za mjini yamefurika. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwalimu wa darasa la pili ana watoto 90 na kipindi cha dakika 30. Ameleta glasi moja ya maji na yai moja. Akitaka kila mtoto alishike yai na kulitia majini kwa mkono wake mwenyewe, kila mmoja atapata sekunde 20, na hapo mwalimu hajaeleza neno, hajaita majina, wala hajamnyamazisha mtu. Matokeo yake twayajua. Mwalimu hutia yai yeye, watoto wa mbele huona, na wa nyuma husikia habari zake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza njia moja tuliyoijaribu pamoja na wanachuo wetu katika baadhi ya shule za Singida Mjini, nayo ni kumpa mtoto kasha dogo la vifaa akafanye jaribio nyumbani kwao, kisha alete shuleni alichokiona. Njia hii si mpya, wala si dawa ya darasa lililofurika. Ina matatizo yake, na baadhi yametupata sisi wenyewe. Tutayaeleza jinsi yalivyokuwa, kwa maana mwanachuo atakayeianza kazi hii bila kuyajua atayarudia.

Kasha lililorudi safi

Yapo makasha ya namna hii yauzwayo madukani, hasa Dar es Salaam, yatokayo ng'ambo na vichupa vyake, sumaku, mirija na kitabu cha maelezo. Huko Ulaya na Marekani yamekuwapo kwa muda mrefu, na historia yake si yote ya kusifiwa: mwaka 1950 kampuni ya A. C. Gilbert ya Marekani iliwauzia watoto kasha lenye mawe ya urani ndani yake. Twataja habari hii ili mwanachuo asidhani kwamba kitu kikishaandikwa kuwa ni cha watoto basi kimekwisha kupimwa na wenye busara. Lakini hata kasha jema la dukani halitufai sana. Bei yake ni ya watu wachache. Kifaa kimoja kikipotea, hapa Singida hakipatikani kingine cha kukijazia. Na lililo baya zaidi, mtoto hujifunza kwamba sayansi ni kitu kiletwacho kwa meli.

Vifaa vya kujitengenezea si vya kuonea haya. Mwaka 1948 Unesco ilitoa kijitabu cha J. P. Stephenson kwa ajili ya walimu wa nchi zilizobomolewa na vita, ambao maabara zao zilikuwa magofu. Kijitabu hicho ndicho kilichokuzwa hata kikawa, mwaka 1956, kitabu kikubwa cha Unesco cha majaribio ya vifaa rahisi. Nasi nchini, tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967, vyuo vya ualimu vimehimiza zana za kujitengenezea. Kasoro yetu ni kwamba zana nyingi huundwa kwa ajili ya kukaguliwa: hupewa alama, kisha hukaa stoo.

Kosa letu la kwanza lilitokana na tabia hiyo hiyo. Wanachuo walitengeneza makasha 12 kwa maboksi ya viatu, wakayapaka rangi, wakayaandika kwa herufi nzuri, wakatia ndani lenzi, sumaku zilizotolewa katika spika mbovu za redio, uzi, vikombe na mbegu. Sisi wakufunzi tuliyasifu sana. Yalikaa nyumbani kwa watoto juma moja, na kumi kati yake yakarudi safi kama yalivyotoka. Tulipouliza tuliambiwa kwamba yaliwekwa juu ya kabati ili wadogo zao wasiyaharibu. Wazazi hao hatuna haki ya kuwalaumu. Kitu cha shule, tena kizuri, hutunzwa.

Tangu hapo tumeacha mapambo. Kasha tulitumialo sasa ni kopo au boksi lililokwisha tumika, lisilo la rangi wala la dawa. Ndani yake mna chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokatwa kichwa, kijiko, kijiti kilichonyooka cha sentimita 30, ukanda wa karatasi wenye alama za sentimita, visoda kumi, kipande cha kitambaa, mbegu chache na chumvi iliyofungwa vizuri. Vyote huchukuliwa katika mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na haifai mwalimu awe wa kwanza kuirudisha. Mtoto hupewa jaribio moja tu kwa juma. Mwanachuo mwenye bidii hutamani kutoa matano, naye hupata majibu ya nusu nusu.

Chumvi ya mama

Chumvi hiyo hapo mwanzo haikuwamo kashani, na jinsi ilivyoingia kunahitaji maelezo.

Jaribio lenyewe ni la yai. Yai bichi, lisilo la zamani, huzama katika maji matamu. Mtoto akitia chumvi kidogo kidogo na kukoroga, hufika mahali yai linapopanda. Maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji matamu ya kiasi kile kile. Uzito wake ukiupita uzito wa yai kwa ujazo ulio sawa, yai huelea. Kwa maji ya glasi moja vijiko vya chakula viwili vyahitajika, pengine vitatu. Mwanachuo mmoja aliliandaa vizuri, andalio la somo lake halikuwa na doa, na kwenye karatasi ya maelekezo akaandika kwamba mtoto aombe chumvi nyumbani.

Mtoto mmoja hakuomba. Mama yake alikuwa sokoni. Alichukua pakiti ndogo ya chumvi iliyokuwapo jikoni, akafanya jaribio mara mbili ili kuhakikisha (jambo ambalo mwalimu yeyote angelipenda), kisha akamwaga maji nje. Jioni alichapwa. Asubuhi yake mama alifika shuleni, nasi tulikuwapo kwa ukaguzi.

"Shikamoo, mama," mwanachuo alimwamkia.

"Marahaba, mwalimu wangu. Mimi mtoto nimemleta asome. Mbona mnamtuma amwage chumvi yangu? Na hilo yai mnalomtaka alitazame, mimi kila siku nayatia majini kabla ya kuyapika. Linaloelea naliweka kando, ni viza. Hilo nalo ni la kusomea?"

Mwanachuo yule aliona haya, lakini hakujitetea. Aliomba radhi, akaahidi kurudisha chumvi, kisha akauliza swali ambalo lilitupendeza kuliko andalio lake lote: "Mama, na lile linalosimama majini, halilali wala halielei, hulifanyaje?" Mama alimjibu kwamba hilo limekaa siku nyingi lakini bado lalika, ila lipasuliwe kwanza katika kibakuli chake peke yake. Maelezo ya kitabuni hayapingani na hayo. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno. Maji ya ndani hupungua kupitia humo siku hadi siku, nafasi ya hewa huongezeka, na yai huwa jepesi hata likaelea katika maji yasiyo na chumvi yoyote.

Hapa yapo mambo mawili ambayo mwanachuo ayashike. La kwanza ni la haki. Jaribio la shule lisichukue nyumbani kitu chochote kinunuliwacho, hata kiwe cha shilingi chache, kwa sababu hatujui katika nyumba ipi shilingi hizo ndizo za leo. Kilicho cha lazima kitoke kwa mwalimu, na kilicho cha kuazima kirudi kama kilivyokuwa. Yai lenyewe mtoto aliazime mahali lilipo, alioshe kabla na baada, alirudishe zima. Kuku ni wengi katika mji wetu, na nyumba isiyo na yai, jirani yake analo. La pili ni kwamba mama yule alikuwa na nusu ya somo, nasi hatukuwa tumemwuliza. Juma lililofuata aliitwa darasani, akakubali, akayapima mayai sita mbele ya watoto. Kipindi hicho hakuna mtoto aliyehitaji kunyamazishwa.

Na chumvi je? Chumvi haikupotea, iliyeyuka tu. Sasa twamwambia mtoto asimwage maji, bali ayamimine katika sahani pana ya bati na kuyaweka juani, mahali ambapo kuku hawafiki. Jua na upepo wa Singida vyajulikana: maji yakiwa membamba hukauka kwa siku moja au mbili, na chumvi hubaki nyeupe sahanini. Hilo ni jaribio la pili lililozaliwa na la kwanza, na watoto wa mji huu wana pa kulilinganisha, kwa kuwa wote wamekwisha kuona ukingo mweupe wa Ziwa Singidani na Ziwa Kindai wakati wa kiangazi. Chumvi iliyorudi haifai kuliwa, kwa maana maganda ya mayai huwa na uchafu na vijidudu vya maradhi. Inakwanguliwa, inafungwa, inarudi kashani kwa mtoto mwingine. Kifungu kimoja cha chumvi kimetumikia darasa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Watoto huuliza mara moja kama yai litaelea katika maji ya ziwa. Jibu hatuliandiki hapa kwa makusudi. Maziwa yetu haya hayana mto wa kuyatolea maji. Kiangazi maji hupungua na chumvi huzidi kukolea, na mvua zikinyesha hali hubadilika, kwa hiyo jibu la Oktoba laweza lisiwe jibu la Machi. Mwalimu na akateke maji mwenyewe, katika chupa. Mtoto wa darasa la pili asitumwe ziwani.

Kivuli kifupi

Jaribio la kivuli halina gharama hata kidogo, nalo ndilo lililotufunza zaidi. Mtoto huchomeka kijiti wima mahali palipo sawa, na kila robo ya saa huweka kisoda kwenye ncha ya kivuli. Mwisho hupima kwa ukanda wake na kusema kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi. Ni kazi ya Jumamosi, na huhitaji kaka au dada wa kusoma saa.

Ilikuwa Julai. Mtoto mmoja wa kike, aishiye upande wa Majengo, alileta karatasi yake. Dada yake wa darasa la sita alikuwa amemsomea saa ya simu. Kivuli kifupi kilikuwa saa saba kasorobo, na mtoto akaongeza kwa mdomo kwamba hapo ndipo adhana ya adhuhuri ilipokuwa ikikaribia. Mwanachuo alitazama karatasi, akatazama kitabu chake kilichosema kwamba saa sita mchana jua huwa juu kabisa na kivuli huwa kifupi, akapiga alama ya kosa kwa wino mwekundu. Akamwambia mtoto kwa upole kwamba alichelewa kuweka visoda. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma tukimkagua hatukusema neno. Tulidhani kama alivyodhani yeye.

Kilichotusumbua baadaye ni ile adhana. Waislamu hawaadhini adhuhuri mpaka jua limepita kilele chake, na watu wa misikitini hawakisii jambo hilo. Kesho yake tulichomeka kijiti katika uwanja wa chuo na kukaa nacho. Saa sita kamili kivuli kilikuwa kingali kikipungua. Kiliendelea kupungua mpaka saa saba kasorobo, kisha kikaanza kurefuka.

Sababu yake ni hii. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa nchi yetu hata kidogo, bali hupita mbali baharini mashariki ya pwani. Singida iko karibu na longitudo ya nyuzi 35. Dunia hugeuka nyuzi moja kwa kila dakika nne, kwa hiyo tofauti ya nyuzi kumi ni dakika 40 hivi: jua lifikapo kilele katika mstari ule, sisi twalingoja kwa muda huo. Tena mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima, wala mhimili wake haukusimama wima, na hayo huongeza au kupunguza dakika kadhaa. Kwa jumla, katika mji wetu kivuli kifupi huangukia kati ya saa sita na dakika 25, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 55, katikati ya Februari. Saa sita kamili hakiangukii siku yoyote ya mwaka.

Upande unaoelekewa na kivuli nao una habari yake. Vitabu vingi vya watoto vilivyotungwa Ulaya husema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Hapa kwetu Juni na Julai huelekea kusini, Desemba huelekea kaskazini, na karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba hakielekei popote, kwa sababu jua liko utosini na kijiti kimekikanyaga kivuli chake. Mtoto yule alikuwa ameandika kusini. Hilo nalo lilikuwa sahihi.

Mwanachuo alirudi darasani, akaifuta alama yake mbele ya watoto wote, akaeleza kwamba aliyekosea ni mwalimu. Tulimwachia aamue mwenyewe kama afanye hivyo hadharani, naye hakusita. Wapo wenzetu waonao kwamba kufanya hivyo hupunguza heshima ya mwalimu kwa watoto wadogo. Sisi hatukubaliani nao, ingawa twaelewa hofu yao.

Nchi hii ina mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo, akahofia kuikosa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa kwamba alichanganyikiwa, na darasani swali lake likageuka mzaha. Hakuliacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Osborne alishangaa, lakini aliahidi kulijaribu, na mwaka 1969 majina ya wote wawili yalitokea pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Jambo hilo leo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado hubishana juu ya sababu yake, na hata juu ya kama hutokea kila mara, nasi hatumtaji kwa ajili ya kutoa hukumu hiyo. Twamtaja kwa sababu kati ya watu wazima waliousikia ujumbe mmoja, ni mmoja tu aliyetaka ujaribiwe.

Namna ya kuuliza

Mwanachuo huandika katika karatasi ya kasha: "Kwa nini yai linaelea?" Mtoto wa miaka minane hana la kufanya na swali hilo isipokuwa kumtafuta mtu mzima wa kumjibu, na kasha hurudi na jibu la mjomba.

Katika miaka ya 1960, Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika ulipokuwa ukijaribiwa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, Jos Elstgeest, mkufunzi Mholanzi aliyefundisha Morogoro, aliwaongoza wanachuo kumchunguza mdudu mdogo achimbaye kishimo chenye umbo la pia katika mchanga mkavu chini ya mapaa ya nyumba. Hukaa chini ya kishimo akingoja sisimizi ateleze, kisha humrushia mchanga asipate kupanda. Kila mtoto wa Singida amekwisha kumchokonoa kwa njiti. Elstgeest hakuwapa wanachuo maelezo ya maisha ya mdudu huyo. Aliwataka wamwulize mdudu mwenyewe, yaani wamfanyie jambo na kuangalia anajibuje. Ukikisawazisha kishimo jioni, asubuhi utakuta nini? Ukiweka mchanga wenye unyevu? Akitembea, huenda mbele au nyuma?

Mwaka 1985 aliandika sura ya kitabu juu ya maswali ya namna hiyo, na mpangilio wake twautumia mpaka leo. Yapo maswali ya kumfanya mtoto atazame, ya kuhesabu na kupima, ya kulinganisha, ya "itakuwaje kama", na ya "waweza kutafuta njia ya". Maswali ya "kwa nini" yaje mwisho, tena yaulizwe hivi: "wewe waonaje, kwa nini?" Kwa hiyo karatasi ya yai sasa yasema: Hesabu vijiko. Yai lilianza kupanda kijiko cha ngapi? Waweza kulifanya lisimame katikati ya maji? Swali hilo la mwisho liliwakesha hata baadhi ya wanachuo wetu. Hufanikiwa ukimimina maji matamu taratibu sana, kwa kijiko, juu ya maji ya chumvi.

Majaribio mengine twayapitia kwa ufupi. Mbegu za alizeti hubanwa kwa kitambaa chenye unyevu kwenye ubavu wa chupa ili zionekane, moja ncha chini, nyingine ncha juu, na mtoto huchora mizizi inakoelekea. Yatosha kijiko cha maji kwa siku, nalo ni jambo la kuzingatia mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo. Utepe uliofungwa juu ya kijiti huonyesha upepo unakotoka asubuhi na jioni. Hilo la upepo huchosha upesi, kwa sababu sehemu kubwa ya kiangazi upepo wetu hutoka upande ule ule wa mashariki, na mtoto huandika neno moja juma zima.

Yasiyofaa kutiwa kashani

Usitie kiberiti, mafuta ya taa wala dawa yoyote. Betri za redio zisipasuliwe, na zile ndogo za mviringo kama kifungo zisiwemo kabisa: mtoto mdogo akiimeza moja, yaweza kumtoboa koo kwa muda wa saa chache. Mbegu zitoke ghalani au jikoni, zisiwe za dukani za kupandia, kwa kuwa hizo mara nyingi hupakwa dawa ya wadudu, na rangi yake nyekundu au ya kijani huwavutia watoto. Hesabu mbegu utoapo na urudishiwapo, maana maharage na mahindi hupenda kuishia katika pua na masikio ya wadogo wa nyumbani. Katika jaribio la kivuli mtoto atazame chini. Jua lisitazamwe kwa macho hata kidogo.

Siku ya kulipokea kasha

Jumatatu mwanachuo asianze kwa kusahihisha. Aandike ubaoni majibu yote kama yalivyo, pamoja na majina ya waliotoa. Yai limepanda kijiko cha pili kwa watoto wanne, cha tatu kwa watoto saba, na kwa mmoja halikupanda kamwe. Huyo mmoja ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa heshima, mbele ya wote: glasi yake ilikuwa kubwa kiasi gani? Alikoroga? Kijiko chake kilikuwa cha chai? Mara nyingi darasa lenyewe hupata sababu. Isipopatikana, jaribio lirudiwe hapo hapo na mtoto yule yule, kwa mikono yake. Kwa makasha 12 na watoto 90 kila mtoto hupata zamu yake baada ya majuma saba au manane, ambayo ni machache kuliko tungependa.

Wanachuo wanakaribia likizo, nao watatawanyika nchi nzima. Tunawapa kijiti wao pia. Kila mmoja akichomeke nyumbani kwao, apime kivuli kila dakika tano kuanzia saa sita mpaka saa saba na nusu, siku tatu ambazo mawingu hayakuzuia, na aandike tarehe, mahali na saa. Wa Mtwara na wa Kigoma watazame kwa makini zaidi. Kati yao twategemea tofauti ipatayo dakika 40. Karatasi ziletwe siku ya kwanza ya muhula. Zisinakiliwe upya kwa usafi, na jibu lisilolingana na hesabu tuliyoieleza hapa lisifutwe.